UZI: Viungo vya pingili za mgongo na tiba ya kairopraktiki. Nini hufanyika mezani, nini husaidia, nini huumiza

#1 Kiungo_Hai (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya "kunyooshwa mgongo" yamekuwa mengi humu na majibu mengi yanaishia "nenda" au "usithubutu". Uzi huu ni wa kukieleza kiungo chenyewe, kinavyoharibika, na mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha viungo vya mgongo kwa mikono, anafanya nini anapoweka mikono. Wenye ujuzi karibuni muongeze nyama na kurekebisha palipopinda.

Tuanze na kiungo. Juu ya sakramu, ule mfupa wa pembetatu kati ya makalio, kuna pingili 24: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Ukiacha zile mbili za juu kabisa shingoni, kila pingili hukutana na jirani yake sehemu tatu. Mbele ipo diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili. Nyuma, kulia na kushoto, vipo viungo viwili vidogo vinavyoitwa faseti. Watu wengi wanaijua diski peke yake, ndiyo maana kila maumivu ya mgongo huitwa "diski". Faseti ni kiungo kamili kama goti: kina gegedu, kina ute, kina mfuko unaokizunguka, na ndani ya mfuko mna vikunjo vidogo vya utando. Mfuko huo una mishipa ya fahamu mingi, na ukikereka humlaza mtu mzima.

Mwelekeo wa nyuso zake ni jambo la kulishika vizuri. Kiunoni zimesimama wima zikitazama pembeni, kwa hiyo kiuno huinama na kunyooka vizuri lakini hakizunguki. Kila pingili hupata nyuzi 1 hadi 3 tu za kuzunguka. Shingoni zimelala kwa kama nyuzi 45, na ndipo shingo inapopata uhuru wake. Anayesukuma bila kujua hili anagonganisha mfupa na mfupa.

Matatizo yenyewe ni haya. Kwanza, kiungo kukakamaa: mfuko umekereka baada ya kunyanyua vibaya au kukaa mkao mmoja saa nyingi, misuli midogo ya jirani imekaza kukilinda, na kiungo hakisogei. Pili, kulika: diski ikipungua kimo, mzigo uliokuwa mbele huhamia nyuma, gegedu la faseti likalika na mfupa ukaota vinundu pembeni. Tatu, pingili kuteleza mbele kwa sababu faseti zimechoka kuizuia. Hutokea zaidi kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, na zaidi kwa wanawake waliopita miaka 50. Nne, kiungo cha sakramu na nyonga, pale penye vishimo viwili vya kiunoni, ambacho husumbua sana wakati wa ujauzito.

Maumivu ya faseti yana tabia zake. Huwa upande mmoja, ya ndani, yanashuka kalioni na pajani lakini kwa kawaida hayavuki goti. Huzidi ukisimama muda mrefu, au ukirudi nyuma huku unageukia upande unaouma. Asubuhi mgongo mkavu, ukitembea kidogo unalainika. Yakivuka goti hadi unyayoni kama shoti, yakaja na ganzi au mguu kukosa nguvu, mfikirie mshipa wa fahamu.

Na hili liwe wazi kuanzia posti ya kwanza: tiba hii hairudishi mfupa "uliotoka". Inachofanya ni kutenganisha nyuso za kiungo kwa muda mfupi sana, kuuvuta mfuko, kulegeza misuli kupitia mishipa ya fahamu, na kupunguza hisia ya maumivu. Athari hiyo hukaa saa chache hadi siku chache. Thamani yake hutegemea uchunguzi uliotangulia na mazoezi yatakayofuata. Tabibu anayekulaza mezani dakika mbili baada ya kukusalimia hajafanya kazi yake.

#2 Mtaa_wa_Pili

Natia nanga hapa. Swali la haraka: ule mlio wa "ka!" ndio kiungo kukaa sawa? Maana video zote zinauza mlio.

#3 Kiungo_Hai

Hapana mkuu. Nyuso zikitengana ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka na uwazi wa gesi hufunguka. Mwaka 2015 timu ya Gregory Kawchuk wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vikivutwa mpaka vikalia, na uwazi ule ukaonekana ukitokea sekunde ileile. Baada ya hapo kiungo hakilii tena kwa takribani dakika 20 hata ukisukuma vipi.

Kuna utafiti mwingine wa 2004 wa Ross, Bereznick na McGill. Walibandika vipokea sauti mgongoni wapate kujua mlio unatoka wapi hasa. Kiunoni milio ilitoka wastani wa sentimita 5 kutoka pingili iliyolengwa. Hiyo ni pingili nzima au zaidi. Kwa hiyo anayekwambia "nimeigusa ya nne na imelia" anasema zaidi ya anachokijua.

Ubaya wa kufukuza mlio uko hapa: kisipolia, tabibu asiyekomaa huongeza nguvu na kurudia mara tatu, nne. Kiungo kilichokuja kimekereka kinaondoka kimechubuka. Kipimo sahihi ni kulinganisha kabla na baada: unarudi nyuma kiasi gani, unageuka kiasi gani, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10.

#4 Mkono_Wazi

Mwanzisha uzi umeeleza kiungo vizuri. Niongeze mbinu yenyewe, maana wengi hulala mezani hawajui wanafanyiwa nini. Nachukua kiuno, mkao wa ubavu, kwa mtu mwenye faseti iliyokakamaa upande wa kulia kati ya pingili ya nne na ya tano.

Analala ubavu wa kushoto, upande unaouma uko juu. Mguu wa chini umenyooka. Mguu wa juu umekunjwa, unyayo umeegeshwa nyuma ya goti la mguu wa chini. Tabibu anaweka kidole kati ya miiba ya pingili hizo mbili, yale manundu ya mfupa unayoyapapasa katikati ya mgongo, kisha anaukunja mguu wa juu polepole mpaka asikie miiba inaanza kuachana. Hapo anasimama, akizidisha, mkunjo unapita kwenda pingili za juu. Halafu anavuta mkono wa chini wa mgonjwa mbele na juu kidogo, kifua kigeuke kutazama dari, mpaka mzunguko ufike kwenye pingili ya nne na kukoma. Sasa pingili za juu zimefungwa, za chini zimefungwa, na iliyobaki huru ni moja.

Anamvingirisha mgonjwa kuelekea kwake. Anaweka kiganja upande wa kidole kidogo, pale penye kimfupa kinachojitokeza kwenye kifundo cha mkono, pembeni ya mwiba. Anavuta ngozi kwanza ili mkono usiteleze. Anaongeza mgandamizo taratibu mpaka ule ulegevu wote uishe. Mgonjwa anaambiwa atoe pumzi, na mwishoni mwa pumzi msukumo unatoka: mfupi, wa haraka, kwa uzito wa mwili kushuka, si kwa nguvu za mabega. Muda wake wote hauzidi sehemu mbili za kumi za sekunde.

Kuhusu nguvu, vipimo vya Walter Herzog wa Chuo Kikuu cha Calgary vilitoa wastani wa karibu nyutoni 100 shingoni na karibu 400 mgongo wa kifua. Nyutoni 400 ni kama uzito wa kilo 40, lakini kwa kufumba na kufumbua.

Yanayoharibika mara nyingi:

Ulegevu haujamalizwa. Tabibu anasukuma kiungo kikiwa bado kina nafasi, nguvu inaishia kwenye misuli, mgonjwa anatoka na michubuko na kiungo kiko vilevile.

Bega limezungushwa kupita kiasi. Mgonjwa alikuja na kiuno, anaondoka na mbavu zinazouma.

Mgonjwa ameshika pumzi au amekaza tumbo. Hapo ni kuacha, kumpanga upya au kubadili mbinu. Kushindana na misuli iliyokaza ndiko kunakoleta majeraha.

Kiuno kimekunjwa sana na kuzungushwa sana kwa pamoja, kwa mtu ambaye shida yake ni diski. Kukunja na kuzungusha kwa pamoja ndiko kunakoibana diski kuliko kitu kingine.

Msukumo sio mbinu pekee. Ipo meza yenye kipande kinachoshuka sentimita chache ukigandamiza, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha. Ipo meza inayojikunja katikati kumvuta mgonjwa wa diski taratibu. Kipo kifaa cha mkononi chenye springi kinachogonga kidogo. Na kuna kusogeza kiungo polepole kwa mdundo, sekunde 30 hadi dakika moja, bila msukumo wowote. Kwa mzee au mtu mwenye woga ningeanza na hiyo ya mwisho.

#5 Mzizi_Mkuu

Nawasoma. Lakini waasisi wa tiba hii wenyewe walisema pingili ikihama inabana mishipa ya fahamu, na mishipa ikibanwa magonjwa yanaingia. Kliniki nyingine zinatoa X-ray na kumwonyesha mtu kwa kalamu nyekundu pingili zilizohama. Mnasemaje?

#6 Picha_Nyeusi

Upande wa picha nijibu mimi.

Mwiba wa pingili ukionekana umeenda kushoto, sababu ya kwanza ya kuangalia ni mkao wa mgonjwa mbele ya mashine. Akigeuka nyuzi chache tu, miiba yote inahama. Sababu ya pili, miiba mingi imepinda kiasili. Mfupa umekaa sawa ila ncha yake imekua kuelekea upande mmoja. Hata kidole cha tabibu kinachopapasa hudanganyika kwa hilo.

Halafu kuna jambo la umri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao hawaumwi. Ukimpiga picha kila anayeingia mlangoni, utapata cha kumwonyesha kwa kalamu nyekundu, na mgonjwa ataondoka akiamini mgongo wake ni kioo. Hofu hiyo humfanya aache kuinama na kutembea, misuli inanyong'onyea, maumivu yanakaa.

X-ray ya kiuno pia ina mionzi zaidi ya mara kumi ya X-ray ya kifua. Ipigwe ikiwa kuna sababu: ajali, umri mkubwa na maumivu mapya, homa, kupungua uzito, historia ya saratani, dawa za steroidi. Kupiga picha kila baada ya vikao kumi ili kuonyesha "mgongo unanyooka" hakuna msingi.

#7 Kiungo_Hai

Naongezea upande wa historia. Daniel David Palmer alianza kazi hii Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, Septemba 1895. Mgonjwa wake wa kwanza anayetajwa ni Harvey Lillard, msafishaji wa jengo aliyekuwa na tatizo la kusikia, na Palmer alisema amemrudishia usikivu kwa kusukuma pingili. Mshipa wa fahamu wa usikivu unatoka kwenye ubongo kwenda sikioni moja kwa moja. Haupiti kwenye pingili za mgongo. Kutokana na kisa hicho yeye na mwanawe, Bartlett Joshua, walijenga nadharia kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha karibu magonjwa yote.

Taaluma yenyewe imegawanyika juu ya hili. Mwaka 2010 baraza linalosimamia kairopraktiki Uingereza lilitoa tamko kwamba dhana ile ni ya kihistoria na hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba ni chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo mkuu Mzizi, anayekuahidi kushusha sukari, kutibu pumu au kupata mtoto kwa kusukuma pingili, achana naye, hata kama vyeti vimejaa ukutani.

Kwa maumivu ya mgongo, ushahidi upo ila ni wa kiasi. Uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa 2017 kwenye jarida la chama cha madaktari Marekani ulikuta maumivu mapya ya kiuno yanapungua kwa karibu pointi 1 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, zaidi ya waliolinganishwa nao. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno. Tiba ya kusukuma pingili imo kati ya zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, elimu na kukanda. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa mashine kwa matumizi ya kawaida. Mikanda hiyo inauzwa kila kona ya mji.

#8 Nesi_Mbuyuni

Naomba hii posti isomwe na kila mtu, hasa walioko Afrika Mashariki, kwa sababu vitabu vingi vya kairopraktiki vimeandikwa Marekani na Ulaya ambako kifua kikuu cha mgongo ni nadra. Kwetu si nadra.

TB ya mgongo hukaa zaidi kati ya pingili za chini za kifua na za juu za kiuno. Huanza taratibu, wiki hadi miezi. Mtu anaumwa mgongo mahali pamoja, hata usiku akiwa amelala. Anapungua uzito, anatoka jasho la usiku, homa ndogo za jioni. Wengi hawakohoi kabisa, na ndipo wanapopotea. X-ray ya mwanzo inaweza kuwa safi, kwa sababu mfupa lazima ulike sana kabla haujaonekana. Baadaye diski inayeyuka, pingili mbili zinaporomoka mbele, na mgongo unatoa kibyongo chenye ncha. Ukisukuma mgongo ulio hivyo unaweza kuubana uti wa mgongo, na miguu ikapooza.

Kwa hiyo gonga kila mwiba kwa ncha ya kidole au nyundo ya kupimia. Maumivu makali juu ya mwiba mmoja tu, kwa mtu mwenye homa au aliyekonda, ni marufuku kusukuma. Apelekwe hospitali kwa vipimo vya damu, X-ray, na MRI ikipatikana. Aulizwe na hali ya VVU. Dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya umma Tanzania na Kenya, na kwa TB ya mfupa matibabu huwa marefu kuliko ya mapafu, miezi 9 hadi 12.

Jamii za wafugaji, au mtu anayekunywa maziwa mabichi, ongeza brusela, maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa mifugo. Hupenda kiuno cha chini na kile kiungo cha sakramu na nyonga, kwa hiyo hufanana kabisa na shida ya viungo. Mwenye selimundu akipata maumivu ya mgongo na homa, huenda ni maambukizi ya mfupa. Mwanamume wa miaka 60 na zaidi mwenye maumivu mapya ya kiuno yasiyotulia hata akilala, tezi dume iangaliwe.

Na dharura ambayo haisubiri kesho: ganzi sehemu za siri na makalioni, pale panapogusa kiti cha baiskeli, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, haja kubwa vivyo hivyo, miguu yote miwili kulegea. Hapo mishipa ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa. Hospitali yenye upasuaji, siku hiyohiyo. Hakuna mkono wa mtu kugusa.

#9 Mtaa_wa_Pili

Asante sana nesi. Na shingo je? Baadhi ya vinyozi wakimaliza kunyoa wanakanda kichwa halafu wanaivunja shingo kushoto na kulia. Wateja wanaipenda.

#10 Mkono_Wazi

Usikubali. Nieleze kwa nini, maana "ni hatari" peke yake haimshawishi mtu.

Mishipa miwili ya damu inayopeleka damu nyuma ya ubongo hupanda ndani ya matundu ya pingili za shingo, kuanzia ya sita hadi ya kwanza. Kati ya pingili ya kwanza na ya pili ndipo karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo unapofanyika, na hapo mshipa unajipinda kabla ya kuingia kichwani. Kichwa kikizungushwa hadi mwisho, kikarudishwa nyuma, kisha kikapigwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika. Damu ikiganda pale, kipande kinapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Ni tukio la nadra. Lakini kinyozi anafanya hivyo hivyo bila kuuliza lolote, kwa mtu ambaye hata hakuwa na maumivu.

Ugumu mwingine ni kwamba mshipa ukishaanza kuchanika wenyewe, dalili ya kwanza huwa maumivu ya shingo na kichwa. Mtu anakwenda kunyooshwa kwa sababu ya maumivu hayo. Tabibu lazima aulize: maumivu haya ni mapya, ya ghafla, hujawahi kuyapata maishani? Unaona vitu viwiliviwili? Kizunguzungu, kuongea kwa shida, kumeza kwa shida, kuanguka ghafla, ganzi ya uso? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, haguswi, anapelekwa hospitali. Shinikizo la damu lipimwe kabla ya kugusa shingo. Kile kipimo cha zamani cha kumgeuza mgonjwa shingo hadi mwisho na kusubiri kizunguzungu hakiaminiki, wala hakimlindi mgonjwa.

Wenye baridi yabisi ya muda mrefu na waliozaliwa na hali ya Down hawasukumwi shingo ya juu kabisa, kwa sababu kano zinazoshika pingili ya kwanza na ya pili zinaweza kuwa zimelegea.

Shingo iliyokakamaa ina njia salama zaidi: kusogezwa polepole bila msukumo, na kusukumwa mgongo wa kifua badala ya shingo. Pingili za kifua zikifunguka, shingo mara nyingi inageuka zaidi siku hiyohiyo.

#11 BodaWaKona

Wakuu swali la mfuko. Kuna sehemu wanataka ulipe vikao 40 mapema, kwa punguzo. Vikao vingapi vinatosha?

#12 Kiungo_Hai

Usilipe 40 mkuu. Jaribio lililochapishwa 2014, likiongozwa na Mitchell Haas, liliwagawa watu 400 wenye maumivu sugu ya kiuno kwa vikao 0, 6, 12 na 18. Waliopata 12 ndio walionufaika zaidi. Vikao 18 havikuongeza kitu. Utaratibu wa busara ni vikao 2 au 3 kwa wiki, wiki 2 hadi 4, kisha kupimwa upya.

Andika kabla ya kikao cha kwanza: maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, unakaa dakika ngapi kabla hayajakulazimisha kusimama (kwako wewe wa boda hiki ndicho kipimo chako), ukiinama ncha za vidole zinafika wapi. Baada ya vikao 6 linganisha. Maumivu yakipungua kwa pointi 2 au zaidi, endelea. Yakibaki palepale, utambuzi una kasoro au mbinu haikufai. Mwambie tabibu abadili au akupeleke kwingine.

Usishtuke ukiumwa kidogo baada ya kikao cha kwanza. Karibu nusu ya watu hupata uchovu au maumivu ya eneo lile, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Yakizidi siku tatu, au ukapata ganzi mpya, simamisha.

Na uliza alikosomea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo kwa miaka minne, 1,000 kati yake zikiwa za kutibu chini ya usimamizi. Karibu na kwetu, Durban University of Technology na University of Johannesburg, Afrika Kusini, wanafundisha. Cheti cha semina ya mwisho wa wiki hakikutoshi wewe kulala mezani.

#13 Mkono_Wazi

Nimalizie kwa mazoezi, maana bila hayo utarudi mezani kila mwezi.

Siku za kwanza, faseti ikiwa bado kali: lala chali, vuta magoti yote mawili kifuani, shika sekunde 20, achia, mara 5. Kukunja kunafungua faseti. Lakini kama maumivu yanashuka chini ya goti na kuvuta magoti kunayazidisha, acha, hiyo huenda ni diski, nayo mara nyingi inataka kinyume chake.

Baada ya hapo yanakuja yale matatu ya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mikono chini ya kiuno kulinda mkunjo wake wa asili, nyanyua kichwa na mabega sentimita chache tu. La pili: ubavu, ukijishikilia kwa kiwiko na magoti, nyonga iwe juu. La tatu: piga magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badilisha. Shikilia sekunde 8 hadi 10, si zaidi. Rudia mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kosa kubwa la zoezi la tatu ni kuurusha mguu juu mpaka kiuno kinabonyea. Mguu usipite usawa wa mgongo. Usiyafanye saa ya kwanza ukitoka kitandani, kwa sababu diski usiku hunywa maji na asubuhi zimejaa.

BodaWaKona, kila baada ya dakika 30 shuka, tembea dakika mbili. Na wanaobeba maji: ndoo ya lita 20 ukiibeba kwa mkono mmoja ni kilo 20 upande mmoja wa mgongo. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni mzigo uleule lakini faseti za upande mmoja hazibebi peke yake.

#14 Mwanahamisi_S

Nimefuatilia mwanzo mwisho, shukrani. Mama wa miaka 64, ametumia prednisolone (dawa ya steroidi) miaka mingi kwa sababu ya pumu. Juzi alinyanyua ndoo akasikia maumivu makali katikati ya mgongo, hayaachi. Kuna mtu nyumbani anasema apelekwe akanyooshwe. Inafaa?

#15 Nesi_Mbuyuni

Dada, haifai. Prednisolone miligramu 5 au zaidi kwa siku, kwa zaidi ya miezi mitatu, hudhoofisha mfupa. Umri wake, dawa, kunyanyua, maumivu ya ghafla katikati ya mgongo: hiyo ichukuliwe kuwa pingili imepondeka mpaka picha iseme vinginevyo. Msukumo wa kilo 40 juu ya pingili hiyo utaiponda zaidi.

Apelekwe hospitali leo au kesho, apigwe X-ray ya mgongo wa kifua na wa kiuno, ya ubavuni. Njiani alale au akae wima na mto nyuma, asiinamishwe mbele. Kwa maumivu apewe paracetamol. Ibuprofen na diclofenac zisitumike bila daktari, kwa sababu anatumia steroidi na tumbo linaweza kutoka damu, na baadhi ya wenye pumu hubanwa nazo. Na asiache prednisolone ghafla kwa kuogopa mifupa. Kuiacha ghafla ni hatari nyingine. Amwombe daktari apitie dozi, na aulize kuhusu kalsiamu, vitamini D na dawa za kuimarisha mfupa. Miguu ikilegea au mkojo ukisumbua kabla hamjafika, mwambieni mtu wa mapokezi hilo kwanza kabla ya kitu kingine.